UMBALI WA MPANDA UPIMWE KWA SAA ZA MWANANCHI

Kwa mstari ulionyooka angani, kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi Uwanja wa Ndege wa Mpanda ni kilomita zipatazo 900. Ndege ya pangaboi aina ya Dash 8-400, yenye viti 76 na mwendo wa kilomita 600 na zaidi kwa saa, huweza kuumaliza umbali huo kwa muda usiofikia saa mbili.

Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haijakamilika. Saa za ndege huanza kuhesabiwa magurudumu yanapoacha ardhi. Saa za mwananchi huanza anapofunga mlango wa nyumba yake. Mkulima wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, au wa Majimoto huko Mpimbwe, hana budi kufika kwanza Mpanda mjini. Akikuta ndege ni ya keshokutwa, safari ya saa mbili imekwisha kuwa ya siku mbili na zaidi. Na akikuta nauli imezidi thamani ya magunia yake ya mpunga, basi kwake Dar es Salaam ipo mbali vilevile kama zamani.

Historia ya Katavi inatufundisha jambo. Tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, lenye kilomita zipatazo 210, lilijengwa na wakoloni karibu na mwaka 1950 ili kuchukua madini ya risasi. Machimbo yalipofungwa, reli ilibaki, na wananchi wakaifanya yao. Njia hiyo ya kupitia Tabora hadi Dar es Salaam ina zaidi ya kilomita 1,100, na safari yake ni ya usiku na mchana. Hata hivyo, imewafaa wengi kwa sababu wengi waliweza kuilipia.

Uwanja wa ndege nao upimwe kwa kipimo hicho hicho. Mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda Muhimbili hafarijiwi na kasi ya ndege asiyoweza kuipanda. Hata Dodoma, iliyo kilomita zipatazo 515 tu kwa njia ya anga, ni mbali kwa asiye na nauli.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, ratiba itangazwe mapema na iheshimiwe. Pili, mabasi ya wilayani na treni vipangwe vioane na siku za ndege. Tatu, wagonjwa wa rufaa watengewe nafasi kwa nauli nafuu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Tukiwaambia wananchi wa Katavi kwamba Dar es Salaam ni mwendo wa saa mbili, hatuna budi kuhakikisha kwamba kauli hiyo ni ya kweli kwao.