Mcheza Kwao Hutunzwa

Imekuwa desturi katika arusi nyingi za mjini Juba, hasa zile zinazomalizikia ukumbini baada ya ibada, bwana na bibi arusi kufungua karamu kwa dansi ya polepole, wawili peke yao, jamaa wakiwa wamekaa vitini wakitazama. Majuma kadhaa kabla ya siku hiyo wachumba hao huegemeza simu ukutani, wakaiga hatua za maarusi wa nchi za mbali. Juu ya jambo hili husikika kauli mbili, nasi hatukubaliani na hata moja.

Ya kwanza ni ya wale wasemao kuwa dansi hiyo ni kasumba ya Kizungu na ipigwe marufuku, kwani mwacha asili ni mtumwa. Tunawauliza: asili ipi? Baada ya Mapatano ya Addis Ababa ya mwaka 1972 kunyamazisha bunduki, Juba ilikuwa na bendi zake yenyewe, Rejaf Jazz na Skylarks, na dansi zake za usiku. Mpakani tu iko Kongo, nchi ya rumba, ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa binadamu Desemba 2021. Na rumba ni nini, kama si watu wawili kushikana na kwenda kwa utaratibu? Kule Morogoro, Salum Abdallah aliongoza bendi iliyoitwa Cuban Marimba, na leo ni nani Tanzania auitaye muziki wa dansi mgeni? Neno lenyewe "dansi" tulilipokea kutoka kwa Waingereza, tukalitia irabu mwishoni, likawa letu.

Kauli ya pili ni mbaya zaidi. Husema kuwa vijana hawana budi kujifunza kwa wageni, maana wazee wao hawajui ila kurukaruka. Huu ni usahaulivu. Vita vya mwaka 1983 hadi 2005, na vile vilivyozuka tena Desemba 2013, viliwatawanya watu na kukata uzi wa kufundishana. Lakini haukukatika wote. Wapo wazee waliocheza dansi kabla ya vita. Wapo waliorudi kutoka Uganda, Kenya na Kongo na rumba miguuni. Ndio hao tunaowakalisha vitini!

Hatua zenyewe si siri. Uzito wa mwili uhame kutoka mguu hadi mguu, nyayo zisiinuliwe juu, magoti yalegee, bwana aongoze kwa kiganja kilichotulia mgongoni mwa bibi, asimsukume, na wote wawili waufuate mdundo, wasiukimbize. Mjomba au shangazi aweza kuyaonyesha hayo kwa jioni chache. Tena ataona lile ambalo simu haioni: kwamba bwana arusi anamkanyaga mkewe.

Sisi walimu tunajua kuwa katika Kiswahili "ngoma" ni chombo kinachopigwa, ni mchezo unaochezwa, na ni mkusanyiko wenyewe. Lugha haikutenga mchezaji na mtazamaji. Basi maarusi wacheze ubeti wa kwanza peke yao, kisha wazazi waingie, na jamaa wote wafuate. Mcheza kwao hutunzwa. Lakini atatunzwaje ikiwa wa kwao wamezuiwa kuingia uwanjani?

Na tusidhani kuwa hayo ni ya ukumbini tu. Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, husemwa kwamba Kiswahili hakiwezi kufundishwa Juba mpaka waje walimu na vitabu kutoka nje. Waje, tunawakaribisha. Lakini madarasani wamo wanafunzi waliokulia kambini Kakuma, na sokoni wamo wachuuzi wanaokisema kila siku. Anayewapita hao akitafuta mwalimu mbali hana tofauti na yule bwana arusi anayeinamia simu, na mwalimu yuko sebuleni.