Shahada ya sheria haiishii kortini

KAULI YA WIKI
Na Mwaniki Njiru

Katika vijiji vinavyozunguka Runyenjes, kijana akihitimu sheria huulizwa kwanza ataapishwa lini kuwa wakili. Akikwama kwenye mitihani ya uwakili, wazazi waliomsomesha kwa kahawa na majani chai huona karo imekwenda bure. Fikra hiyo naipinga.

Watazameni wanasheria wa ukanda huu. Justin Muturi wa Embu alikuwa hakimu kabla ya siasa. Akawa Spika wa Bunge la Taifa kuanzia 2013 hadi 2022, kisha Mwanasheria Mkuu. Gitobu Imanyara wa Meru alianzisha jarida la Nairobi Law Monthly mwaka 1987, akakamatwa 1990 vuguvugu la vyama vingi lilipopamba moto, na 1991 akatuzwa Kalamu ya Dhahabu ya Uhuru. Kithure Kindiki wa Tharaka Nithi alikuwa mhadhiri wa sheria kabla ya siasa. Mwaka 2024 akawa Naibu Rais.

Lakini kazi inayosubiri watu zaidi iko hapa nyumbani. Shamba likibaki kwa jina la babu aliyefariki, warithi hawawezi kuliweka dhamana ya mkopo wala kulihamisha. Mirathi ina hatua zake: barua ya chifu, maombi mahakamani, tangazo la siku 30 katika Gazeti Rasmi la Serikali, kisha, baada ya cheti cha usimamizi kutolewa, kwa kawaida miezi sita kabla ya ugawaji kuthibitishwa. Mjane asiyezijua hatua hizi ni rahisi kuliwa pesa na matapeli.

Mhitimu asiyeapishwa haruhusiwi kutoza ada kuandaa hati hizo, na ni haki iwe hivyo. Hata hivyo, anaweza kumweleza mjane yule haki zake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria walioidhinishwa, na kifungu cha 159 cha Katiba kinahimiza upatanishi. Chama cha ushirika cha kahawa nacho kinahitaji mtu wa kuusoma mkataba kabla wakulima hawajafungwa nao.

Naiomba Serikali ya Kaunti ya Embu iwaajiri vijana hawa katika ofisi za wadi, wakisimamiwa na mawakili. Siku moja ya ushauri wa bure kila wiki, kuanzia na mirathi, ingeziokoa familia nyingi na ugomvi wa mipaka.