Tana River: Majeraha ya moyo yahesabiwe pia

Ukitaja Garsen mbele ya watu wa mjini, wengi watakumbuka mambo mawili tu: mafuriko yanayokata barabara ya Lamu, na mapigano ya Wapokomo na Waorma. Ni wachache mno watakaouliza kama watu wa huko hulala usingizi.

Agosti 22, 2012, zaidi ya watu 50, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa katika kijiji cha Riketa. Septemba 10 ikawa zamu ya Kilelengwani, watu 38, wakiwemo polisi. Siku chache kabla ya Krismasi ikawa Kipao. Maiti zilihesabiwa, na nyumba zilizochomwa, na mifugo. Lakini mtoto wa miaka minane aliyejificha kichakani akisikia mayowe ya mamake, ambaye leo ni kijana wa kuoa, hakuhesabiwa.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mahali palipopita vita katika miaka kumi, mtu mmoja kati ya watano ana maradhi fulani ya akili. Usidhani ni kichaa cha kuokota makaratasi sokoni pekee. Ni kushtuka mlango unapogongwa, kumpiga mke bila sababu, kukaa kimya chini ya mwembe kuanzia asubuhi hadi magharibi.

Na hapo ndipo mila huingia. Mwanamume wa Tana, kama wa Kisii au Mombasa, hufunzwa kwamba machozi ni ya wanawake. Mfugaji ambaye ng'ombe wake walikufa katika ukame wa 2021 na 2022 hakupoteza maziwa na nyama tu. Alipoteza mahari ya mwanawe, heshima yake barazani, hata sababu ya kuamka alfajiri. Kisha mwishoni mwa 2023 mto ukafurika, ukasomba shamba la mkulima. Ukiuliza wana nini, utaambiwa ni pepo, au wamerogwa.

Usicheke, msomaji. Ni wangapi hapa Nairobi humpeleka mgonjwa kwa nabii wa hema kwanza, daktari baadaye? Binafsi sioni ubaya wa dua, wala wa ngoma ya pepo ambapo mgonjwa huzungukwa na watu wake, akaimbiwa na kushikwa mkono. Hospitali zetu hazina hilo. Ubaya ni pale mgonjwa anapofungwa kamba mtini, au mganga anapomtaja jirani kuwa mchawi. Huko Kilifi, hapo karibu tu, wazee wameuawa kwa tuhuma kama hizo.

Kwa miaka mingi, mgonjwa wa akili wa Garsen aliyezidiwa ilimbidi asafirishwe hadi Port Reitz, Mombasa, zaidi ya kilomita 200, au Mathari iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1910. Nauli yake na ya wanaomshika humeza bei ya mbuzi. Sheria ya afya ya akili ilirekebishwa mwaka 2022 na kuzitwika kaunti wajibu wa kutoa huduma hiyo karibu na wananchi. Karatasi ni nzuri. Sasa vidonge vifike Ngao na Garsen, pamoja na muuguzi anayejua kuvitumia.

Muuguzi huyo asifanye kazi peke yake. Gasa ya Wapokomo na Matadeda ya Waorma ndio wazee wanaoketi kuamua kesi za malisho na njia za ng'ombe kwenda mtoni. Neno lao husikika kuliko bango lolote la wizara. Mzee akisema barazani kwamba kutolala si uchawi, na kwamba kujaribu kujiua si aibu ya kufichwa, familia zitatoka na wagonjwa wao. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu kile kilikiuka Katiba, aliyejaribu kujiua alihesabiwa mhalifu. Nani angempeleka nduguye hospitali akamatwe?

Nawe pengine una bawabu au mpwa aliyetoka pande hizo. Usimhoji kuhusu 2012. Akitaka kusema, msikilize bila kumkatiza. Ukiona wiki mbili zimepita hali chakula, halali, tena hacheki na wenzake, mpeleke kliniki, usimwambie ajikaze kiume.