Karanga za Nachingwea na Kompyuta za Ushirika

Sisi wa Ndanda na Masasi tulisimuliwa na wazee wetu habari za Mpango wa Karanga wa jirani zetu Nachingwea. Mwaka 1946 wataalamu wa Uingereza walizunguka nchini kwa wiki chache tu, wakaandika mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta yakaletwa kabla ya ardhi na mvua kupimwa sawasawa. Januari 1951 mpango ukavunjwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimeteketea. Reli yake nayo ikaja kung'olewa.

Tunaikumbusha historia hiyo kwa sababu kosa lile lile laweza kutendwa leo kwa kompyuta. Katika msimu wa 2024/2025 minada ya korosho iliendeshwa kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Jasho la mkulima linapita ndani ya programu. Programu ikikosea uzito au jina, anayelala njaa si fundi aliyeiandika.

Mafundi wenyewe wamekwisha kuitambua hatari hii. Februari 2001, mafundi 17 walikutana Utah, Marekani, wakatoa tamko la njia iitwayo ajaili: kujenga kidogo kidogo na kusahihisha pamoja na mtumiaji, badala ya kumkabidhi kazi nzima siku ya mwisho. Katika utaratibu wake mmoja, skramu, kikundi kidogo hufanya kazi kwa vipindi visivyozidi mwezi mmoja. Kila siku hukutana kwa dakika 15, na mwisho wa kipindi huonyesha kilichokamilika ili kikosolewe.

Hata hivyo, tusilaghaiwe na majina. Vikao vya wataalamu peke yao mjini ni urasimu ule ule uliovaa kanzu mpya. Swali ni moja: nani anaketi kwenye ukaguzi? Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikwisha kulijibu ulipotaka wananchi washiriki kufikiria, kupanga na kutekeleza maendeleo yao.

Kwa hiyo tunasema: kila mfumo mpya wa korosho uanzie katika ghala la chama kimoja cha msingi, msimu ukiwa umepamba moto, mbele ya karani na mkulima. Kasoro zikirekebishwa, ndipo uende Newala na kwingineko. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba hicho ni cha mkulima.