Kuchanganya si Dhambi

Wapo miongoni mwetu wanaoshikilia kwamba sanaa ya jadi haifai kuguswa, na kwamba kila aitiaye kitu kipya anaiharibu. Wapo na wengine wanaodai kwamba mambo ya kale yamepitwa na wakati, hivyo yatupwe. Makundi haya mawili hudhani yanapingana, kumbe kosa lao ni moja: yote yanaamini kwamba cha kale kimekwisha kufa. La kwanza linalinda kaburi, la pili linalikanyaga.

Natutazame mfano wa nje. Mwaka 2006 mwimbaji wa London, Amy Winehouse, alitoa santuri yake ya pili, Back to Black. Ile ya kwanza, Frank ya mwaka 2003, ilielemea jazi. Hii ya pili ilirudi kwenye muziki wa soul, neno ambalo maana yake ni roho, na kwenye nyimbo za makundi ya wasichana wa Marekani ya miaka ya 1960. Hata hivyo, watayarishaji wake, Mark Ronson na Salaam Remi, walikuwa watu wa hip hop, na mapigo ya ngoma yana uzito huo. Maneno nayo ni ya binti wa karne ya 21, asiyepamba huzuni yake. Mwaka 2008 kazi hiyo ilimpatia tuzo 5 za Grammy.

Je, soul ilichafuliwa? Hoja hiyo haina msingi. Soul yenyewe ni mtoto wa mchanganyiko. Mwaka 1954 Ray Charles alirekodi I Got a Woman kwa kuchukua mtindo wa nyimbo za kanisani na kuutia maneno ya mapenzi ya kidunia. Waumini walichukizwa. Leo kazi hiyo inaheshimiwa kuwa miongoni mwa misingi ya soul. Basi anayepigania usafi wa soul anapigania kitu ambacho hakikuwako tangu mwanzo.

Lakini tusikimbilie kushangilia. Kukopa ni jambo moja, kunyang'anya ni jambo jingine. Wimbo wa Tears Dry on Their Own umejengwa juu ya muziki wa Ain't No Mountain High Enough, uliotungwa na Nickolas Ashford na Valerie Simpson na kuimbwa na Marvin Gaye na Tammi Terrell mwaka 1967. Majina ya watunzi hao wawili yameandikwa kuwa wenye wimbo mpya pia. Hiyo si hisani, ni haki.

Je, haki ilikamilika? Hapana. Nyimbo kadhaa za santuri hiyo zilipigwa na bendi ya Brooklyn, The Dap-Kings. Hiyo ilikuwa bendi ya Sharon Jones, mwanamke mweusi aliyezaliwa Augusta, Georgia, mwaka 1956, ambaye aliwahi kuwa askari jela kabla muziki haujamlisha. Santuri yake ya kwanza pamoja nao ilitoka mwaka 2002, miaka minne kabla ya Back to Black. Alifariki mwaka 2016 bila kupata hata Grammy moja. Wapigaji ni walewale. Sifa za dunia zilimwendea binti mweupe.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Winehouse, aliyefariki mwaka 2011 akiwa na miaka 27, alikuwa na kipaji cha kweli, wala hakuficha alikojifunzia. Lawama ni ya biashara ya muziki, ambayo tangu zamani imependa jasho la watu weusi kuliko nyuso zao.

Kwa hiyo, walimu, mwanafunzi anapoleta wimbo au ngoma aliyoitunga kwa kuchanganya, msipoteze wakati kumwuliza kama ni ya kale au ya kisasa. Mwulizeni maswali matatu: Umejifunza kwa nani? Umemtaja? Naye amefaidi nini? Akiyajibu sawasawa, mwacheni achanganye apendavyo. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Asili haiachwi kwa kuongezewa. Huachwa siku wenyewe wanaposahauliwa.