Usiogope Moto, Ogopa Maji

Shosti yangu mmoja, mhasibu, bosi wake kapagawa na ofisi za mbao. Kila kikao anawaonesha picha, anataka na wao wajenge. Juzi kanipigia kwa hasira: "Yaani mimi nikakae ghorofa ya sita ndani ya kiberiti?"

Nilicheka, ila swali ni la msingi kabisa. Mchoraji wa jengo la aina hii asipolijibu hilo, hana mteja.

Picha yenyewe ni ya jengo la Tamedia, kampuni ya magazeti huko Zurich, Uswisi. Lilichorwa na Mjapani Shigeru Ban, likakamilika mwaka 2013. Lina ghorofa saba, na mifupa yake imekula mita za ujazo 2,000 hivi za mbao. Nguzo na mihimili imeungwa bila misumari wala vyuma: mashine imechonga kila kipande, kimoja kinaingia ndani ya mwenzake, na vigingi vya mbao ngumu ya biichi vinakaza. Ukikaa kwenye dawati lako unaviona viungo hivyo kwa macho, hakuna dari la kuficha kitu.

Sasa moto. Jamani, washa njiti ya kiberiti, halafu jaribu kuwasha gogo kwa njiti hiyohiyo. Mhimili mnene huungua juu, ukajifunika mkaa, na mkaa huo unazuia joto lisiingie ndani. Kwa saa nzima moto hula kama sentimita nne tu kila upande unaoupata. Kwa hiyo mchoraji anapiga hesabu ya unene unaobeba jengo, kisha anaongeza unene wa kuliwa na moto, watu wapate muda wa kushuka ngazi. Chuma kisichokingwa, kikifika nyuzi 600, kinalegea kimyakimya.

Adui mwenyewe ni maji. Mbao ikibaki na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 kwa muda mrefu, kuvu wanaingia na kuoza kunaanza. Bomba la choo linalovuja taratibu nyuma ya ukuta ni hatari kuliko watu wanavyodhani. (Kama kwenye mapenzi tu, tunaogopa ugomvi mkubwa, kumbe kuna kidonda kinavuja miaka mitatu.) Ndiyo maana vile vioo vya Tamedia, ambavyo bosi wa shosti anadhani ni urembo, ni koti la mvua. Mifupa yote ya mbao iko ndani yake.

Kuhusu mazingira, mti unapokua unavuta hewa ya ukaa, na mbao inaendelea kuishikilia ikiwa jengoni. Lakini hilo lina maana pale tu msitu uliokatwa unapopandwa upya. Mbao za magendo hazina heshima hiyo, hata jengo lipendeze vipi.

Na huku kwetu ongeza mchwa. Mbao isiguse ardhi, ianzie juu ya zege, na pawe na nafasi ya fundi kupita kukagua.

Nilimweleza yote hayo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi nitamuuliza bosi swali moja tu. Bomba zitapita wapi?"