AFYA NA JAMAA: Tofali la Sita

Kama ilivyo desturi ya ukurasa huu, kila mwaka tunachagua jambo moja la afya tulizungumze kwa lugha ya nyumbani, ili bibi na mjukuu waweze kulisoma pamoja. Mwaka huu wazazi kadhaa wameniomba nizungumze juu ya damu. Sababu yake baadhi yenu mnaijua, lakini nitaieleza kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo.

Mwezi wa Julai, wakati wa baridi kali, mtoto mmoja wa jamaa zetu, mwenye umri wa miezi tisa, alivimba viganja na nyayo. Alilia usiku kucha. Wazazi walipompeleka kwa daktari waliambiwa kwamba ni baridi, basi wamvike soksi nzito. Baada ya majuma mawili akavimba tena. Bibi yake aliyeko Tanga ndiye aliyesema kwa simu, "Mwanangu, waambie wampime siko seli." Akapimwa, akaonekana anao ugonjwa huo, ambao Tanzania siku hizi huandikwa selimundu.

Simlaumu sana daktari yule. Wenyeji wa huku kusini wenye ugonjwa huu ni wachache mno, na mganga hufikiri kwanza lile alilozoea kuliona. Lakini sisi tumetoka pwani, Kongo na kando ya maziwa makuu. Sisi ndio inatupasa kuujua na kuutaja kwanza.

Tuanze na msingi. Mwili wa kila kiumbe hai umejengwa kwa chembe ndogo ziitwazo seli. Seli nazo zimejengwa kwa vitu vidogo zaidi, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali. Yako makundi manne makubwa. La kwanza ni sukari na wanga, ambayo ndiyo kuni za mwili. La pili ni mafuta, ambayo hutengeneza ukuta mwembamba unaoizunguka kila seli. La tatu ni asidi za kiini, yaani DNA na ndugu yake RNA, ambazo hutunza na kupeleka maagizo ya ujenzi. La nne ni protini, ambazo ndizo wafanyakazi wenyewe: misuli, kucha, nywele, na vimeng'enyo vinavyosaga chakula, vyote ni kazi ya protini.

Protini hutengenezwa kwa matofali yaitwayo asidi amino. Ziko aina 20 tu, nazo hupangwa moja baada ya nyingine kama shanga katika uzi. Aina 9 kati ya hizo mwili wa mtu mzima hauwezi kujitengenezea, hapana budi zitoke katika chakula. Mahindi yana upungufu wa mojawapo, iitwayo laisini. Maharage yanayo nyingi. Ndiyo maana makande ya kwetu, githeri ya ndugu zetu Wakikuyu, na umngqusho wa Waxhosa ni chakula kimoja chenye majina matatu. Wazee hawakujua neno asidi amino, lakini sufuria lao lilikuwa na hesabu sahihi.

Sasa tuje kwenye damu. Ndani ya chembe nyekundu imo protini iitwayo hemoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni kwenda mwilini kote. Ina nyuzi nne: mbili zina asidi amino 141 kila moja, na mbili zina 146 kila moja. Jumla yake ni 574. Kwa mwenye selimundu, katika zile nyuzi ndefu, tofali la sita si lile linalotakiwa. Mahali pa asidi ya glutamiki imewekwa valini. Basi! Mengine yote ni sawasawa na ya mtu yeyote.

Mtasema tofali moja laweza kudhuru nini? Asidi ya glutamiki hupenda maji. Valini huyakimbia. Kwa hiyo hemoglobini inapokwisha kutoa oksijeni yake, ile valini hujificha kwa kujibandika kwenye hemoglobini ya jirani, na ya jirani kwa nyingine, mpaka zinakuwa fimbo ndefu ndani ya chembe. Chembe hujipinda kama mundu wa kukatia majani, ikaziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanapotoka. Tena chembe nzima huishi siku 120 hivi, lakini hii haipiti siku 20. Hivyo mgonjwa hupungukiwa damu siku zote. Mtoto mchanga haonyeshi dalili, kwa kuwa bado anatumia hemoglobini ya tumboni mwa mama. Inapokwisha, baada ya miezi kadhaa, ndipo mikono na miguu huanza kuvimba.

Jambo hili lilifahamikaje? Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha, kwa kutumia umeme, kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti. Miaka ya 1956 na 1957 Vernon Ingram, huko Cambridge, aliikata vipande vipande mpaka akalipata tofali lenyewe.

Na hapa jiji letu lina sehemu yake. Wako watu wawili waliosoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand miaka ya 1940. Wa kwanza ni Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia Gilgil, Kenya. Mwaka 1949 alifuatana na msafara wa Oxford kwenda Mlima Kenya, akapima damu za watu wa makabila mbalimbali. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, watu zaidi ya 20 katika kila 100 walikuwa wabebaji wa selimundu, yaani wamerithi upande mmoja tu. Nyanda za juu hawakufika hata 1. Akajiuliza, pwani na ziwani kuna nini kisichokuwako milimani? Jibu ni mbu. Mwaka 1953 alirudi, akapima watoto karibu na Kampala. Kati ya 247 wasio wabebaji, 113 walikuwa na vijidudu vya malaria. Kati ya wabebaji 43, walikuwa 12 tu. Aliyaandika hayo mwaka 1954. Ikajulikana kwamba damu ya aina hii ilibaki kwetu kwa sababu iliwakinga watoto wetu wasife kwa malaria. Kwa hiyo anayesema kwamba ni laana ya ukoo, au uchawi, au "damu mbaya ya upande wa mke", hajui asemalo. Ni silaha ya zamani, ila ina makali pande zote mbili.

Wa pili ni Sydney Brenner, aliyezaliwa Germiston mwaka 1927. Baba yake alihamia kutoka Lithuania, akawa fundi viatu, na hakujua kusoma wala kuandika. Mtoto aliingia chuo kikuu akiwa na miaka 15. Mwaka 1961, pamoja na Francis Crick na wenzao, alionyesha kwamba maagizo ya DNA husomwa herufi tatu tatu, na kila tatu hutaja asidi amino moja. Kwa selimundu ni herufi moja tu iliyogeuka. Brenner alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002. Nalitaja hili kwa ajili ya vijana wetu wanaoona haya kusema kwamba baba zao ni mafundi.

Sasa nataka kusema lile lililonifanya niandike. Mtoto yule alipopimwa, maneno yalianza. Mama mtu alilaumiwa, kana kwamba amemletea mume wake maradhi. Ndugu zangu, haiwezekani. Mtoto hupata ugonjwa huu pale tu anaporithi kutoka pande zote mbili, baba na mama. Wote wawili ni wabebaji, wote wawili ni wazima, na hakuna aliyekosa. Kwa wazazi kama hao, katika kila mimba, nafasi ni moja katika nne mtoto awe mgonjwa, mbili katika nne awe mbebaji, na moja katika nne asirithi kabisa. Na hesabu huanza upya kila mimba. Kupata mmoja mgonjwa hakuwakingi wanaofuata.

Sisi huku ugenini aghalabu tunaoana wenyewe kwa wenyewe, jambo ambalo ni zuri kwa lugha na desturi. Lakini lina wajibu wake. Naomba kila kijana apimwe damu kabla ya kuposa au kuposwa. Kipimo ni kile cha kuitenganisha hemoglobini kwa umeme. Sisemi mchumba akataliwe. Nasema waingie nyumbani macho wazi, na mtoto akizaliwa apimwe mapema, asingoje Julai.

Kwa walio na mgonjwa nyumbani: mpeni maji mengi, mkingeni na baridi, maana Johannesburg iko mita 1,750 hivi juu ya bahari na asubuhi zake mnazijua. Homa ikipanda, hospitali siku hiyo hiyo, msisubiri. Mtoto mdogo hupewa penisilini kila siku mpaka miaka mitano, pamoja na chanjo zake zote. Muulizeni daktari juu ya dawa ya hydroxyurea, ambayo hupunguza maumivu. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha maagizo ya DNA katika seli za mgonjwa mwenyewe, lakini bei yake bado ni ya mbali na mifuko yetu.

Na mnapokwenda nyumbani Desemba, tumieni dawa ya kujikinga na malaria, wazima, wabebaji na wagonjwa. Mbebaji hana kinga kamili, na mgonjwa malaria humwua upesi zaidi kuliko mwingine.

Mtoto wetu sasa anatembea. Juzi kwenye arusi alikuwa akiburuta kiti ukumbi mzima, na baba yake, ambaye zamani hakutaka hata neno lenyewe litajwe, ndiye aliyeniambia, "Liandike, ili mwingine asichelewe kama sisi." Nami nimeliandika.

Mwakani, Mungu akitujalia, tutazungumza juu ya kisukari. Tusalimianeni.